Tokeni ya Mbololo

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kuweka kitu chini. Ilikuwa stesheni ya Maungu, kituo kidogo cha kupishania magari ya moshi baada ya Voi kwa mtu anayeelekea Mombasa, muda mfupi kabla ya Uhuru. Nilikuwa kijana wa Mbololo mwenye cheti cha shule ya msingi na suruali ya kaki iliyonizidi kiuno. Stesheni Masta wa Maungu, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, hakuniuliza jina. Alinipa kitanzi kikubwa cha waya mgumu chenye mfuko wa ngozi, na ndani ya mfuko mlikuwa na kipande cha chuma.

"Shika," akasema. "Gari likija utampa dereva. Mpaka hapo, usiweke chini."

Gari lilichelewa. Nilisimama juani, vumbi jekundu likinipanda hadi magotini. Mwenzangu mmoja akanihurumia akaniletea chai, nami nikataka kukitua kitanzi kwenye benchi ili nipokee kikombe. Stesheni Masta aliniona kupitia dirisha la ofisi.

"Kijana, chai inashikwa kwa mikono miwili?"

"Hapana, bwana."

"Basi kunywa kwa mmoja."

Kwa wale ambao hawajaiona kazi hii, nieleze. Reli ya Mombasa hadi Nairobi ni njia moja. Gari linalopanda na gari linaloshuka hupita juu ya chuma kile kile, na hupishana stesheni tu, moja likiwa limewekwa kwenye njia ya pembeni. Kipande cha reli kati ya stesheni mbili huitwa sehemu, na katika sehemu moja haifai kuwa na magari mawili. Hiyo ndiyo sababu ya kile chuma nilichoshikishwa, kiitwacho tokeni. Kila stesheni ilikuwa na mashine yenye tokeni ndani yake, na mashine hiyo iliunganishwa kwa waya na mwenzake wa stesheni jirani. Ukitoa tokeni moja, mashine zote mbili hujifunga. Hakuna wa upande huu wala wa upande ule awezaye kutoa nyingine mpaka ile ya kwanza irudishwe. Dereva asiyekuwa nayo mkononi haingii katika sehemu, hata kama signo, ule mkono wa ishara kando ya reli, imeshuka kumruhusu, hata kama masta mwenyewe anampungia aende.

Makabidhiano yalikuwa na utaratibu. Anayetoa hutaja jina la sehemu. Anayepokea husoma jina lililochongwa kwenye chuma, akalirudia kwa sauti. Ni mkono kwa mkono. Kuiweka mezani ili mwingine aje aichukue ilikuwa kosa la kufukuzwa kazi.

Msomaji anivumilie ikiwa maelezo haya yatakatika hapa na pale. Nina shughuli nyingine ninapoandika, na inanibidi kuinuka.

Kutoka Maungu nilipelekwa Maktau, kwenye tawi la Taveta. Huko magari yalikuwa machache, na usiku tulisikia simba wakipita karibu na tangi la maji. Stesheni Masta wa Maktau alikuwa msomaji. Aliponiona nikishinda langoni nikitembea huku na huku kama mbuzi aliyefungwa, alinipa kitabu cha kanuni za uendeshaji, cha Kiingereza, na kamusi iliyopoteza jalada.

"Wewe huwezi kukaa kitako," akasema. "Basi tembea ukisoma."

Nilikisoma kitabu kile neno kwa neno hadi nikakielewa, nikafanya mtihani wa ndani na kufaulu. Nikahamishiwa Mtito Andei, na mwishowe Voi, kama mtu wa signo. Kazi hiyo ilikuwa kuvuta nyenzo za kushusha na kupandisha signo, kubadilisha pointi ili gari lichukue njia iliyokusudiwa, kujibu kengele za stesheni jirani, na kutoa tokeni. Nilikaa katika landi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, upande wa Kaloleni. Mke wangu, Mama Mkawasi, alibaki Mbololo akilima na kumtazama mama yangu, ambaye tangu baba afariki alikataa kuhama boma lake.

Nilikuwa Voi wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na magari ya kwenda Moshi yakaacha kupita. Ni katika msimu huo mama alipoanguka shambani, akipalilia mahindi. Walimkuta amelala juu ya jembe lake, mpini umevunjika chini ya uzito wake. Upande wa kulia wote ulikuwa umepooza na maneno yalitoka nusu nusu.

Tulimpeleka hospitalini. Baada ya majuma kadhaa daktari alituambia wazi kwamba dawa zilikuwa zimefika mwisho wake, na kwamba sasa mama alihitaji watu. Sista wa wadi, mwanamke mnene mwenye haraka, alituonyesha mimi na mke wangu namna ya kumgeuza kwa shuka, mmoja akivuta na mwingine akisukuma.

"Ubavu huu, kisha huu," alisema. "Mgongo ukilowa na ukaachwa umelowa, ngozi itaoza, na kidonda cha kulalia ni kibaya kuliko huo ugonjwa. Mnyweshe ameinuliwa, sivyo atapaliwa. Na asiachwe peke yake. Mmenielewa? Asiachwe."

Kaka yangu mkubwa, Mwakio, mnyapara wa wapakiaji bandarini Mombasa, alikuwa amesimama mlangoni. Akasema mama aende kwake: nyumba ya simiti, hospitali kubwa jirani. Mama alimsikiliza, kisha akaniangalia mimi. Maneno yake yalichukua muda kutoka, lakini yalitoka yote.

"Nirudisheni Mbololo. Nataka kusikia kuku wangu."

Tukamrudisha. Mwakio hakupenda, lakini hakumpinga mama mbele ya wagonjwa.

Siku za mwanzo tuliona kwamba tunaweza. Mama Mkawasi alifanya kila kitu, hadi mgongo wake mwenyewe ukakataa. Kumwinua mtu mzima aliyepooza si kama kumwinua mgonjwa wa homa. Hakusaidii hata kidogo. Nami nilikuwa mwana wa kiume. Niliweza kumnywesha uji, kumsomea, kumsogeza akiwa amefunikwa. Kumvua na kumwosha sikuweza. Kwetu mwanamume hauoni mwili wa mama yake, na jambo hilo halina mjadala. Hata mama asingekubali. Kwa hiyo nilichohitaji kilikuwa wanawake, tena wanawake wenye nguvu, tena wenye nafasi, na kila mwanamke niliyemjua mwenye nguvu hakuwa na nafasi.

Nilizunguka kutafuta. Nilikwenda Bura kwa dada yangu Wakesho, aliyeolewa huko na ambaye siku zote alikuwa na mboga za kupeleka sokoni. Akasema atakuja kila atakapopata nafasi. Nilikwenda kwa akina mama wa kanisa letu. Mwenyekiti wao akasema wataleta maji na kuni na kukaa na mgonjwa. Majirani wakaitikia. Kila nilipogonga mlango nilipewa ndiyo. Nilirudi Voi nikijiona nimepanga jambo.

Hata hivyo sikutulia. Kwenye banda la signo nilikuwa nikijibu kengele, naenda dirishani, naangalia kilima cha Mbololo, narudi. Masta wa Voi aliniambia nikae, nikakaa, nikainuka tena. Kitu fulani hakikukaa sawa na sikujua ni kipi.

Nilikijua siku Mwakio alipofika kutoka Mombasa bila taarifa. Alimkuta mama sakafuni. Alikuwa ameteleza kitandani, shavu liko udongoni, ulimi umekauka, kuku wanadonoa karibu na nywele zake. Hapakuwa na mtu bomani. Mama Mkawasi alikuwa amekwenda kliniki Voi kwa ajili ya mgongo, akijua kwamba akina mama wa kanisa wanakuja. Akina mama wa kanisa hawakuja kwa sababu walisikia kwamba Wakesho amefika. Wakesho aliahirisha safari kwa sababu alijua Mama Mkawasi yupo. Tulipokutanishwa jioni ile, kila mmoja alisema kweli tupu. Hakuna aliyekuwa mvivu. Msaada ulikuwa mwingi, na mama alikuwa peke yake tangu asubuhi.

Mwakio hakupaza sauti. Ni mtu mkubwa wa mwili, na akikasirika huongea polepole.

"Nitakuja tena, na sitasema ni lini," akasema. "Nikimkuta peke yake, namchukua. Msije mkaniambia kuhusu kuku."

Mama alisikia kutoka chumbani. Akafunga macho. Niliona kwamba tukikosea mara nyingine atafia kwenye chumba cha simiti kati ya watu asiowajua, na atakuwa amekwenda huko kwa sababu yetu.

Siku chache baadaye nilikuwa kazini. Gari la mizigo lilikuwa limesimama, njia iko wazi, na mimi kwa haraka ya mawazo nikampungia dereva aende. Hakwenda. Akatoa kichwa dirishani akaniangalia.

"Kupunga si tokeni, mzee," akasema. "Lete kitu nishike."

Nikampelekea. Gari liliondoka, nami nikabaki nimesimama pale mkono ungali juu. Zile ndiyo zote tulizopewa zilikuwa kupunga mkono. Hakuna aliyekuwa ameshika kitu.

Juma lile nilipopata mapumziko nilipanda Mbololo, nikautafuta ule mpini wa jembe la mama uliovunjika. Ulikuwa umelainishwa na viganja vyake kwa miaka mingi. Nikakata kipande cha kujaa mkono, nikatoboa tundu, nikatia kamba ya katani ili mtu aweze kukivaa shingoni akiwa na kazi. Kisha nikawaita wote nyumbani, nikawaeleza kanuni. Mwenye mpini ndiye mwenye mama. Haondoki bomani mpaka mwingine aupokee, mkono kwa mkono. Hauwekwi kitini, hautumwi kwa mtoto, hauachwi dirishani. Anayetoa anasema mambo matatu: mama amekunywa au hajanywa, amelala upande gani, wa dirisha au wa ukuta, na mgongo wake ukoje. Anayepokea anayarudia.

Walinitazama.

"Baba Mkawasi," akasema mke wangu, "sasa sisi tumekuwa gari moshi?"

"Mimi naomba behewa la daraja la kwanza," akasema mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na wote wakacheka. Tangu siku hiyo walinibandika jina la Stesheni, na wengine huniita hivyo hadi leo.

Lakini mama, ambaye tulimleta mlangoni asikie, aliomba auone ule mpini. Akaushika kwa mkono wa kushoto, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Jembe langu," akasema. Kisha akampa Mama Mkawasi. "Shika."

Sasa upungufu ulionekana wazi. Zamani tulihesabu ahadi na ahadi zilikuwa nyingi. Mpini ulituonyesha kwamba mikono yenyewe haitoshi, hasa siku za kulima, ambapo kila mwanamke yuko shambani kwake. Nikaanza kutafuta upya, safari hii nikijua ninachotafuta.

Msaada ulitoka mahali ambapo sikuwa nimegonga. Jirani yangu wa ukuta mmoja kule landi alikuwa Mama Nekesa, mke wa dereva msaidizi, mtu wa Bungoma. Alikuwa mrefu, mwenye mabega, na maneno yake hayakuwa na sukari. Ukuta ulikuwa mwembamba. Siku moja alinikuta nje nikizunguka uani.

"Wewe jirani, unatembea tembea usiku na mchana, watoto wangu wanadhani ni mwizi," akasema. "Una nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku akikamua nguo.

"Nitakwenda mimi," akasema. "Mume wangu akiwa safari za Nairobi siku nyingi, mimi hapa nafagia vumbi tu. Nekesa ni mkubwa, atawatazama wadogo zake."

Nikamuuliza nimlipe nini. Aliacha kukamua.

"Mama yangu aliumwa kule nyumbani, mimi nikiwa hapa Voi. Barua ilifika amekwisha kuzikwa. Sikumgeuza wangu. Acha nimgeuze wako."

Nilikuwa na wasiwasi jinsi mama atakavyompokea. Mama alikuwa mtu wa vilima. Kwake hata Voi palikuwa ugenini. Nilipomwingiza Mama Nekesa chumbani, mama alimtazama toka kichwani hadi miguuni.

"Wa wapi?"

"Bungoma, mama," nikajibu.

"Bara," akasema mama, kama mtu anayefunga mlango.

"Bara kabisa, mama," akasema Mama Nekesa, akianza kukunja mikono ya gauni. "Hata kuku wetu wanalia lugha nyingine. Utanifundisha ya hawa."

Nusu ya uso wa mama iliyokuwa hai ikacheka. Mama Nekesa alinitoa nje, akaniomba maji ya moto. Walikuwa na Kiswahili tu cha kuzungumza, na wote wawili walikizungumza kama watu wanaovuka mto kwa kukanyaga mawe. Lakini nilipokuwa nje niliwasikia hawanyamazi. Baadaye mama aliniambia kwamba mikono ya yule mwanamke haina aibu, na kwake hiyo ilikuwa sifa.

Hivyo tukaendesha. Mama Nekesa akija kwa siku kadhaa mfululizo, Wakesho siku zisizo za soko, akina mama wa kanisa Jumapili mchana na siku ya mkutano wao, Mama Mkawasi akijaza mapengo, mimi katika mapumziko yangu kwa yale niliyoweza. Ngozi ya mama ilibaki nzima. Sista wa wadi tulipompelekea habari hakuamini, akasema atapanda kuona. Hakupata nafasi, lakini alitutumia poda na shuka la mpira.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja, zilikuja kwa nguvu. Asubuhi moja nilikuwa na mpini shingoni. Mama Mkawasi alikuwa ameteremka sokoni alfajiri na angerudi mapema anipokee, kwa kuwa zamu yangu Voi ilianza mchana. Nilikuwa nimekwisha kuvaa sare. Nikasikia korongo la chini ya boma letu likinguruma. Nilitoka hadi mwisho wa uwanja nikaona maji mekundu yamejaa ukingo hadi ukingo, yakibeba matawi, na ng'ambo yake, mbali, watu wamesimama na mizigo vichwani. Mmoja alikuwa mke wangu. Aliinua mkono. Nikainua wangu.

Niliita majirani. Walikuwa mashamba ya juu, wanapanda, na mvua ilimeza sauti yangu. Kwenda kuwatafuta kulikuwa kuondoka. Nilirudi ndani, nikatoka, nikarudi. Niliwaza zamu yangu, niliwaza banda la signo bila mtu, niliwaza Masta wa Voi. Mpini ulikuwa ukinigonga kifuani kila nilipogeuka.

Ndipo nikasikia harufu, nikajua mama amechafuka.

Nilisimama mlangoni pa chumba. Mama alikuwa ameugeuza uso ukutani. Alijua kwamba nimejua.

"Mama Mkawasi amezuiliwa na maji," nikasema. "Tungoje kidogo."

Tukangoja. Maji hayakupungua, kelele ilizidi. Nilikumbuka maneno ya sista kuhusu ngozi. Mama naye nadhani aliyakumbuka.

"Nani ana mpini?" akauliza, uso ungali ukutani.

"Mimi."

Alipapasa ukuta kwa mkono wa kushoto. Kisha akasema, "Basi chemsha maji. Usinitazame usoni. Tazama kazi."

Nilivua koti la sare. Nilifanya kama nilivyosikia kazi hiyo ikifanywa nyuma ya mlango: kumlaza ubavu, kukunja shuka chafu ndani yake yenyewe, kupangusa, kubadilisha maji, kupangusa tena, kukausha hasa kwenye mifupa, poda. Sikumtazama usoni. Sikuwaza jambo lolote ila hatua iliyofuata. Tulipomaliza nilimfunika hadi mabegani, nikamwinua kichwa nikamnywesha maji. Hapo ndipo tulipotazamana. Macho yake yalikuwa makavu kuliko yangu.

"Mkono mzito," akasema. "Mtu wa bara anakushinda."

Nilikuwa nje nikifua lile shuka, mikono ya shati imekunjwa, mpini umenining'inia mgongoni, niliposikia honi. Pikapu ilikuwa imepanda kwa barabara ya juu, inayozunguka kilima na haivuki korongo. Mwakio akateremka, dereva wake akabaki kwenye usukani. Nyuma ya pikapu kulikuwa na godoro jipya na turubai. Nilielewa amekuja na nini.

Alinipita bila salamu akaingia chumbani. Nikamfuata. Alifunua shuka begani pa mama, akagusa mgongo kwa nyuma ya vidole, akanusa hewa. Aliangalia beseni.

"Wanawake wako wapi?"

"Ng'ambo ya maji."

"Nani amemwosha?"

"Mimi."

Mwakio alikaa juu ya kigoda. Kigoda kilikuwa kidogo kwake. Alinitazama mimi, akamtazama mama, akavua kofia akaiweka gotini. Sidhani kwamba kuna kitu kingine ningeweza kumwambia siku ile kingemfikia kama neno lile moja. Alikuwa mzaliwa wa kwanza, na alijua lina uzito gani.

Baadaye akasema, "Umevaa sare. Zamu yako ni lini?"

"Imekwisha kuanza."

"Pikapu ikupeleke. Mimi nitakaa naye."

"Siwezi kuondoka hivi hivi," nikasema, nikavua mpini shingoni. "Amekunywa. Amelala upande wa ukuta. Mgongo mkavu. Rudia."

"Nirudie nini?"

"Rudia, kaka, ndiyo kanuni."

"Amekunywa. Amelala upande wa dirisha..."

"Wa ukuta."

"Wa ukuta. Mgongo mkavu. Lete basi, unanifanya mtoto wa shule."

Kitandani mama alikuwa akitikisika. Nilidhani amepaliwa, kumbe anacheka. Mwakio aliushika ule mpini, akaugeuza, na nikaona uso wake ukibadilika alipoutambua. Jembe lile alilinunua yeye, kwa mshahara wake wa kwanza wa bandarini.

Pikapu ilinishusha Voi. Masta wa Voi alikuwa amesimama mwenyewe kwenye nyenzo, jasho linamtoka, hana furaha.

"Umechelewa."

"Nilikuwa na tokeni mkononi, bwana. Sikuwa na wa kumpa."

"Tokeni ya sehemu gani?"

"Mbololo."

Alinikodolea macho. "Hakuna stesheni ya Mbololo."

"Ipo, bwana."

Nilimweleza, na nilimweleza kwa kifupi kwa sababu kengele ya Ndi, stesheni jirani, ilikuwa ikilia. Alijibu kengele kwanza. Kisha akasema, "Shika kazi yako," na juma lililofuata nilikuta zamu zangu zimepangwa pamoja, na mapumziko pamoja, jambo ambalo sikuwa nimethubutu kuomba.

Mwakio hakuweza kuondoka siku ile, maana maji hayakushuka na wa kumpokea alikuwa ng'ambo. Siku iliyofuata hakuweza kwa sababu Wakesho alichelewa na yeye hakukubali kuuacha mpini kwa mtu ambaye, kwa maneno yake, bado anahema. Pikapu ilirudi Mombasa bila yeye. Godoro lilibaki, akalilalia mama. Tangu hapo Mwakio alipanda gari kila alipopata likizo, na alipofika mlangoni alinyosha mkono kabla ya kusalimia.

Mama alifariki baada ya mavuno yaliyofuata, mchana, nyumbani kwake, kuku wakiwa uwanjani. Zamu ilikuwa ya Mama Nekesa. Tulipofika tulimkuta ameketi pembeni ya kitanda, mpini mikononi. Nilimwambia sasa anaweza kuuweka chini.

"Kwa nani?" akauliza.

 Kwenye reli gari likifika, tokeni hurudi mashinini na njia inafunguka. Sisi hatukuwa na mashine. Mwakio ndiye aliyenyosha mkono. Mama Nekesa akasema kama kawaida: amekunywa, upande wa dirisha, mgongo mkavu. Mwakio akarudia, akauvaa. Alikaa naye hadi jeneza lilipoletwa.

Mimi nilistaafu miaka michache iliyopita, nikiwa Voi. Waliponiaga nilirudisha filimbi, taa, bendera na sare, na karani akatia alama. Vijana waliochukua nafasi zetu ni hodari na wanajua mambo mengi ambayo sisi hatukuyajua. Mara nyingine huniuliza kazi ilikuwaje zamani. Huwaambia ilikuwa kungoja umeshika kitu, na wao hudhani nafanya mzaha. Mwili wangu haujajifunza kustaafu. Nikikaa mahali pamoja naanza kusikia kengele, na mkono unatafuta cha kushika.

Mwaka huu Mwakio ameanguka, kama mama alivyoanguka, isipokuwa kwake ni upande wa kushoto. Watoto wake walitaka abaki Mombasa karibu na hospitali kubwa. Yeye alikataa kwa maneno nusu nusu yale yale, wakamleta hapa Mbololo, katika boma la mama. Alipoingizwa ndani alionyesha kwa kidole kwenye ukuta, ambapo mpini ulikuwa umetundikwa tangu ule wakati. Kamba nimeibadilisha. Mama Nekesa, ambaye mumewe naye amestaafu nao wamerudi Bungoma, ameandika kwamba mwezi ujao anakuja kututazama. Kwamba tuchemshe maji.

Ndiyo maana nimeandika haya kwa vipande. Nimemgeuza mara kadhaa tangu nilipoanza ukurasa wa Maungu, nimemnywesha uji, tumegombana kuhusu dirisha. Anataka lifunguliwe, na kuna upepo. Sasa lango linalia. Ni Wakesho, amezeeka, anahema kwa kupanda, na kaka yangu amekwisha kumnyoshea kidole kuonyesha kwamba nimpe nafasi apumzike kwanza.

Amepumzika. Ananyosha mkono.

Amekunywa. Upande wa ukuta. Mgongo mkavu.